Miezi 8 baada ya kupandikizwa uboho: IgG inasoma kawaida lakini nimonia inarudi. Kingamwili hizi ni za nani?

Kliniki_Selimundu (swali)

Habari za kazi wakuu. Naomba tusaidiane kusoma majibu haya, kwa sababu watoto wa selimundu waliopandikizwa uboho wanaongezeka kliniki, wengine wakirudi kutoka India, wengine wakitoka hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, na ufuatiliaji wao unaangukia mikononi mwetu.

Mtoto wa kiume, miaka 9, kilo 25. Mchangiaji ni dada yake, HLA (alama za utambulisho wa tishu) zimelingana zote. Sasa yuko mwezi wa 8. Kabla ya kupandikizwa alikuwa kundi O, dada ni A. Bado anameza ciclosporin (dawa ya kushusha kinga), dozi imeanza kushushwa. Hana GVHD (seli za mchangiaji kumshambulia mpokeaji) ya ngozi, ini wala utumbo. Anapewa IVIG (dripu ya kingamwili za wachangia damu) gramu 10 kila wiki 4, na vipimo hivi vimechukuliwa wiki 3 baada ya dripu ya mwisho. Amepata nimonia mara mbili ndani ya miezi mitatu, na ya pili ilibidi alazwe.

Kingamwili kwa aina zake: IgG 8.4 g/L, IgM 0.9, IgA 0.2. CD19 (seli B, zinazotengeneza kingamwili) ni 310 kwa mikrolita, CD4 (seli T saidizi) ni 240. Hb (himoglobini) 11.2. Kwenye kundi la damu, seli zake zinasoma A safi, ila seramu yake inagandisha seli za A1 kwa udhaifu. Coombs ya moja kwa moja (kipimo cha kingamwili zilizoshika seli nyekundu) ni chanya dhaifu.

Maswali yangu: IgG iko sawa na seli B zipo, sasa kwa nini anaugua? Hiyo anti-A inatoka wapi wakati seli zake zenyewe sasa ni A? Na chanjo tuanze lini, wakati bado yuko kwenye IVIG?

Dkt_Uboho

Karibu mkuu. Majibu umeyaweka kwa mpangilio mzuri, yanasomeka.

Ile IgG 8.4 iweke pembeni kabisa. Haisemi lolote juu ya uwezo wa mtoto huyu kutengeneza kingamwili, kwa sababu kila wiki 4 anawekewa IgG za maelfu ya wachangia damu. Piga hesabu: gramu 10 kwa kilo 25 ni gramu 0.4 kwa kilo. Utegili (plazma) wake ni kama mililita 45 kwa kilo, yaani lita 1.1 hivi. Dripu ikiisha tu, IgG inapanda kwa gramu 8 hadi 9 kwa lita. Ndani ya siku 4 au 5 karibu nusu inahamia nje ya mishipa, na iliyobaki inapungua nusu kila baada ya wiki 3 hivi. Kwa anayepewa miezi mfululizo masalia yanalimbikizana, kwa hiyo wiki ya 3 unaweza kukuta gramu 3 hadi 5 kwa lita ambazo si zake. Ukizitoa kwenye 8.4, picha inakuwa nyingine. Tena hesabu hiyo ni ya mwili uliotulia. Kwa aliyepandikizwa, hasa mwenye kuharisha kwa GVHD ya utumbo, IgG inaweza kuisha ndani ya siku chache tu, ndiyo maana inafaa albumini isomwe pamoja nayo. Zote mbili zikiwa chini, protini inavuja mahali.

Angalia IgM na IgA badala yake. IVIG ni IgG karibu tupu. Nusu ya IgM hupotea kwenye damu kwa kama siku 5, nusu ya IgA kwa kama siku 6, kwa hiyo ulichopima kimetengenezwa mwilini mwake juzijuzi. IgM 0.9 inakuambia seli B mpya zinafanya kazi. IgA 0.2 inakuambia bado hazijafika mbali.

Mpangilio wa kurudi unajulikana. Miezi miwili ya mwanzo seli B karibu hazionekani kwenye damu. Zikianza kutoka kwenye uboho, zinatoka zikiwa changa kabisa, zile zenye CD24 na CD38 nyingi, kisha zinakomaa na kuwa seli B ambazo hazijawahi kukutana na antijeni yoyote. Idadi inaweza kufika kiwango cha kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na kwa watoto huwa inapita kabisa kiwango cha mtu mzima. Kwa kingamwili, IgM inatangulia, kwa kawaida mwezi wa 3 hadi wa 6. IgG1 na IgG3 zinafuata kuelekea mwaka wa kwanza. IgG2 na IgG4 zinachelewa hadi miezi 18 au 24, na IgA inaweza kuchukua miaka miwili mitatu. Ni karibu njia ileile anayopita mtoto mchanga toka kuzaliwa, na inakaribiana pia na mpangilio wa jeni zenyewe kwenye kromosomu 14: mu, delta, gama 3, gama 1, alfa 1, gama 2, gama 4, epsiloni, alfa 2. IgA peke yake ndiyo inayovunja foleni.

Sasa kwa nini seli B 310 hazimlindi. Ili seli B iache kutoa IgM na kuanza kutoa IgG iliyonolewa, lazima ikutane na seli T saidizi ndani ya tezi za limfu, ipokee ishara ya CD40L, igawanyike, ibadilishe jeni zake kidogo kidogo, na ile inayoshika antijeni vizuri zaidi ndiyo ibaki. Mtoto huyu ana CD4 240, na kwa umri wake hiyo ni ndogo. Nyingi za hizo, mpaka tezi ya thaimasi ianze kutoa mpya, ni za zamani zilizokuja na uboho wa dada na kuzaana tu. Juu yake kuna ciclosporin, ambayo kazi yake hasa ni kuzizuia seli T zisiamke. Ndiyo maana seli B za waliopandikizwa, hata idadi ikiwa imejaa, huonekana kwa mwaka na zaidi zikiwa na mabadiliko machache mno kwenye jeni za kingamwili. Seli B za kumbukumbu, zenye CD27 na zisizo na IgD, ndizo zinazochelewa kuliko zote. Maabara yako ikiweza, omba hizo zihesabiwe. CD19 peke yake inafurahisha macho tu.

Kuhusu nimonia, kwa selimundu kuna tatizo la pili lililokuwepo kabla ya kupandikizwa, nalo ni wengu. Bakteria wenye ganda la sukari, yaani pneumokokasi, Hib (Haemophilus influenzae aina b) na meningokokasi, huondolewa na wengu ukisaidiwa na IgM na IgG2. Kwa mtoto wa miaka 9 mwenye selimundu, wengu mara nyingi umekwisha kunyauka, na kupandikiza uboho hakuurudishi kila mara. Hapo ana mapengo mawili juu ya mengine: wengu haupo na IgG2 haijafika. Omba filamu ya damu na umwambie mtaalamu atafute miili ya Howell-Jolly (mabaki ya kiini ndani ya seli nyekundu). Ikionekana, wengu haufanyi kazi. Kipimo hicho hakina gharama yoyote ya ziada.

Penicillin V anameza? Kwa umri huu ni mg 250 mara mbili kwa siku. Co-trimoxazole anayopewa kwa ajili ya Pneumocystis haichukui nafasi yake, maana pneumokokasi wengi wameizoea.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: usiipe kingamwili lawama yote kabla ya kutafuta mdudu. Nimonia mbili kwa mtu wa mwezi wa 8 zinahitaji makohozi au kimiminika kilichovutwa kutoka tumbo la chakula kwa GeneXpert (kipimo cha kifua kikuu), kirusi cha CMV kwa PCR, na picha nzuri ya kifua. Usipime kwa IgG ya aina yoyote. Kwa mtu aliye kwenye IVIG, IgG ya CMV, ya toksoplasma, ya surua, ya tetekuwanga, hata anti-HBc ya homa ya ini B, zote zinaweza kusoma chanya kwa sababu zimetoka kwenye chupa. Kuna wagonjwa wanaoanzishiwa dawa za homa ya ini B bila sababu kwa kosa hili. HBsAg na DNA ya kirusi ndizo za kuamini.

Benki_ya_Damu

Dokta amemaliza upande wa kinga, mimi nichukue hiyo anti-A.

Mpokeaji O, mchangiaji A, huo ni mgongano mkubwa wa ABO. Mtoto alikuwa na anti-A na anti-B zake za asili. Dawa za kusafisha uboho zinaua seli B vizuri, lakini seli za plazma zilizokomaa (seli B zilizogeuka viwanda vya kingamwili), ambazo hazigawanyiki tena, zinastahimili. Zinaweza kuendelea kumwaga anti-A kwa miezi, na kwa waliopewa maandalizi mepesi zaidi ya mwaka. Kwa hiyo chanzo cha kwanza kinachowezekana ni seli za plazma za mtoto mwenyewe. Chanzo cha pili ni IVIG, maana ndani yake kuna IgG za anti-A na anti-B. Cha tatu, ambacho ni nadra lakini kinafutwa kwa dakika chache, ni dada kuwa A2 (aina dhaifu ya kundi A) na seli zake kutengeneza anti-A1. Mpime dada kwa lektini ya Dolichos biflorus. Ikigandisha, ni A1 na hoja hiyo imekwisha.

Kutofautisha cha kwanza na cha pili si kazi ngumu. IVIG haina IgM. Kwa hiyo uliza: anti-A hii ni IgM au IgG?

Chukua seramu kabla ya dripu inayofuata. Gawa mafungu mawili. Fungu moja changanya na DTT (kemikali inayovunja IgM na kuiacha IgG) ya molari 0.01 iliyotengenezwa kwa PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti) ya pH 7.3, ujazo sawa kwa sawa. Fungu la pili changanya na PBS tupu, ujazo uleule. Weka yote kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30 hadi 60, kisha pima kila fungu kwa mfululizo wa kuzimua, 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea, dhidi ya seli za A1, kwa salini kwenye joto la chumba halafu kwa Coombs. Weka pia kontroli ya seramu unayojua ina IgM, ili uhakikishe DTT yako haijaharibika. DTT iliyokaa nje ya friza inapoteza nguvu upesi, nawe ukabaki unaamini ni IgG kumbe dawa imelala. Fungu la PBS likigandisha na la DTT lisigandishe, hiyo ni IgM, na IgM haitoki kwenye chupa: seli za plazma za mtoto bado ziko kazini (kama hoja ya A2 imeshafutwa). Ikibaki baada ya DTT, ni IgG, na IVIG ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Coombs chanya dhaifu wiki 3 baada ya IVIG, kwa mtu ambaye sasa ana seli za A, ni jambo la kutarajiwa. Nitakachotaka kuona ni retikulosaiti (seli nyekundu changa), LDH, bilirubini na Hb mfululizo. Hb 11.2 ikiwa imesimama na retikulosaiti ziko kawaida, mwache mtoto. Retikulosaiti zikiwa chini sana huku seli nyeupe na chembe sahani ziko vizuri, hapo anti-A inaua watoto wa seli nyekundu ndani ya uboho kabla hawajatoka, na hilo ni jambo jingine kabisa linalohitaji daktari aliyempandikiza ajulishwe siku hiyohiyo. Kwa Hb ya 11 sidhani kama ndilo lililopo.

Akihitaji damu katika kipindi hiki: seli nyekundu za O. Utegili na chembe sahani ziwe za A au AB. Seli nyekundu na chembe sahani zipigwe mionzi. Usikubali kadi ya zamani inayosema "O" itumike kumpa utegili wa O.

Halafu kuna faida moja hapa ambayo watu wengi wanaipita. Anti-B yake ya IgM ipimeni pia, kwa namna hiyohiyo. Seli B za dada wa kundi A zinapaswa kutengeneza anti-B, na hiyo ni kingamwili dhidi ya sukari, haihitaji msaada wa seli T. Mkiipima kila miezi mitatu na kipimo kikapanda huku anti-A ikishuka, mmeona kwa macho seli za dada zikishika kazi na za mtoto zikistaafu, kwa gharama ya seli za vitendanishi mlizo nazo tayari kwenye friji. Ikiwa zote mbili zinashuka pamoja, ni za zamani zinazokwisha na mpya hazijaja.

Sista_Wodi_7

Asanteni kwa maelezo. Mimi kwenye chanjo ningependekeza msubiri. Mtoto yuko kwenye ciclosporin, CD4 ni chini ya 250, na IVIG itazila hizo chanjo kabla mwili haujaziona. Kwa nini kumchoma sindano ambazo hazitashika? Bora IVIG isimamishwe, ipite miezi 8, ndipo aanze moja.

Famasia_Chanjo

Sista, hapo naomba tutofautiane, kwa sababu kusubiri huko kunamwacha mtoto wazi kwa mwaka mzima kwenye kipindi kibaya kuliko vyote.

Miezi 8 baada ya IVIG ni sharti la chanjo hai tu, yaani surua-rubela na tetekuwanga. Zile zinahitaji kirusi kizaane kidogo mwilini, na kingamwili za kwenye chupa zinakizima. Chanjo zilizouawa au za vipande vya protini haziathiriki kwa kiasi cha kuzuia kazi. Anaweza kuchomwa siku moja na dripu, mkono mwingine.

Chanjo ya pneumokokasi iliyounganishwa na protini, PCV, inaanza mwezi wa 3 hadi wa 6 baada ya kupandikizwa. Mtoto huyu amechelewa tayari. Ni dozi 3, kila moja ikiachana na nyingine wiki 4 hadi 8, mililita 0.5 kwenye msuli. Sababu ya kuchagua iliyounganishwa ndiyo ile aliyoieleza Dokta: sukari tupu haiiti seli T, na seli B changa za mtu aliyepandikizwa hazijui kuijibu bila msaada. Sukari ikifungwa kwenye protini, seli T chache zilizopo zinashiriki. PPSV23, ambayo ni sukari tupu, inakuja baadaye, si kabla ya mwezi wa 12 na walau wiki 8 baada ya PCV ya mwisho. Akipata GVHD sugu, iacheni hiyo, mpeni dozi ya nne ya PCV. Vituo vinavyopata PCV20 vinatoa dozi 4 za hiyo na kuachana na PPSV23.

Pepopunda, dondakoo, kifaduro, Hib, polio na homa ya ini B zote zinaanzwa upya kana kwamba hakuwahi kuchanjwa, dozi 3 kila moja. Kinga ya utotoni ilikuwa kwenye seli ambazo tumeziua kwa makusudi. Hata kipimo kikisoma bado kuna kingamwili, zinashuka mwaka hadi mwaka.

Hapa kuna tatizo la kweli la kwetu. Pentavalenti ya mpango wa taifa ina kifaduro cha seli nzima na imekusudiwa watoto wadogo, na miongozo mingi inaishia chini ya miaka 7. Upande wa pili, Td ya watu wazima ina dondakoo kidogo mno kwa mtu anayeanza upya. Kinachotakiwa ni DTaP (dondakoo, pepopunda na kifaduro kisicho cha seli nzima) yenye dozi kamili ya mtoto, bila kujali umri, au ile ya magonjwa sita iliyo na IPV (polio ya sindano), Hib na homa ya ini B ndani yake. Hospitali binafsi za mijini huwa nayo, ulizeni kabla ya kuamua vinginevyo. Isipopatikana kabisa, daktari anayemtibu aamue kati ya pentavalenti yenye homa na maumivu zaidi, na Td isiyoshika vizuri. Mimi nisingekubali Td iwe dozi ya kwanza.

IPV ichukueni dozi kamili ya mililita 0.5 kwenye msuli. Ile ya 0.1 ndani ya ngozi inayotumika kunyoosha akiba si ya mtoto huyu.

Kuhusu kama zitashika: watu hutumia CD19 juu ya 200 na CD4 juu ya 200 kama dalili njema, naye amevuka zote mbili. Ciclosporin itapunguza jibu, haitalifuta. Angekuwa amepewa rituximab (dawa inayoua seli B) ningeongea lugha nyingine, maana hapo seli B zinaweza kukosekana miezi 6 hadi 12 na chanjo nyingi ni sindano bure. (Kwa mgonjwa kama huyo hesabuni CD19, si CD20, kwa kuwa rituximab inaifunika CD20 na mashine inaweza kusoma sifuri ya uongo. Na ile mashine ndogo ya kliniki ya CD4 haihesabu seli B, msimpeleke huko.)

Kliniki_Selimundu

Shukrani nyingi sana wakuu. Rituximab hakupewa. Penicillin V ilisimamishwa mwezi wa 6 kwa kuwa "selimundu imepona", tunairudisha leo. Kipimo cha wengu tutafanya.

Mawili yamebaki. Kwanza, tutajuaje chanjo imeshika wakati IVIG inachafua vipimo vyote? Pili, wadogo zake wawili nyumbani, mmoja wa miezi 4, na kampeni ya polio ya matone iko karibu.

Famasia_Chanjo

La pili kwanza maana lina haraka. Mtoto huyu asipewe matone, na ndugu wa nyumba moja wasipewe. Kirusi cha matone kiko hai, kinatoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Waombeeni IPV, na barua ya kliniki iandikwe sasa ili mama awe nayo wachanjaji wakigonga hodi. Ikitokea mdogo amepewa tayari, waepushwe kukaribiana wiki 4 hadi 6: vitanda mbali, choo kisafishwe, mgonjwa asiguse nepi kabisa. Rota kwa wa miezi 4 aendelee nayo, kwa sharti la nepi na kunawa mikono kwa sabuni kwa wiki 4. Surua-rubela kwa ndugu ni lazima, haiambukizi aliyepandikizwa, na wao ndio ukuta wake. Mgonjwa mwenyewe asirudiwe BCG kamwe.

Chanjo yake mwenyewe ya surua: miezi 24 tangu kupandikizwa, mwaka 1 bila dawa za kushusha kinga, miezi 8 tangu IVIG ya mwisho. Masharti yote matatu pamoja, si mojawapo. Akikaa na mgonjwa wa surua kabla ya hapo, IVIG mg 400 kwa kilo ndani ya siku 6. Kama dozi yake ya kawaida aliipata ndani ya wiki 3 zilizopita, amekwisha kulindwa.

Dkt_Uboho

Kupima chanjo ukiwa ndani ya IVIG kunawezekana kwa kulinganisha tu. Seramu moja kabla ya dozi ya kwanza, ya pili wiki 4 baada ya dozi ya tatu, zote zichukuliwe asubuhi ya dripu kabla haijaanza, zigandishwe, zipimwe siku moja kwenye sahani moja. Za pepopunda zikipanda mara nne kati ya sampuli hizo, hiyo ni kazi yake, kwa sababu kiasi kinachotoka kwenye chupa ni kilekile pande zote mbili. Angalieni tu kama chapa ya IVIG imebadilishwa katikati, hesabu inavurugika. Anti-HBs (kingamwili ya chanjo ya homa ya ini B) inapatikana kirahisi zaidi, ila kizingiti cha 10 mIU/mL hakina maana akiwa kwenye IVIG, maana chupa peke yake inaweza kumvusha. Ya uhakika mtapata baada ya kuiacha. Msihangaike na kipimo cha IgG2 peke yake, ni ghali na hakitabadilisha mtakachofanya.

Sasa kuiacha yenyewe. Kizingiti kinachotumika na wengi ni IgG chini ya gramu 4 kwa lita pamoja na maambukizi mazito au yanayojirudia. Huyu ana maambukizi, kwa hiyo nisingeisimamisha leo. Ningeweka penicillin, ningemaliza PCV 3, ningengoja ciclosporin iishe, kisha ningeruka dozi moja na kupima IgG wiki ya 8 na ya 12. Ikibaki juu ya 4 na IgM, IgA zinapanda, imetosha.

Mpaka hapo, wauguzi wakumbuke anameza ciclosporin na figo zake ziko kwenye mzigo. Chagueni IVIG isiyo na sukrosi, anyweshwe maji vizuri, kreatinini kabla ya dripu. Kwa ya asilimia 10, anzeni mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, nusu saa ya kwanza, yaani kama mililita 12 kwa saa kwa huyu, kisha pandisheni hatua kwa hatua kila nusu saa bila kupita kiwango cha juu cha karatasi ya chapa hiyo. Chupa itolewe kwenye friji mapema, isitikiswe maana inatoa povu, na isichanganywe na salini mpaka karatasi iseme inaruhusiwa. Kichwa kikimuuma sana siku moja au mbili baadaye na shingo kukaza, mara nyingi ni utando wa ubongo kuwashwa na IVIG bila mdudu, lakini kwa mtoto asiye na wengu anatibiwa kama homa ya uti wa mgongo mpaka kimiminika cha uti wa mgongo kithibitishe vinginevyo.

Na kwa kuwa seli zake sasa ni A, Hb ipimwe tena siku ya 5 hadi 7 baada ya dripu inayokuja, pamoja na retikulosaiti aliyoitaja mwenzetu wa benki ya damu. Kwa gramu 0.4 kwa kilo sitegemei ivunje damu kwa kiasi cha kuonekana, lakini Coombs yake tayari ni chanya. Majibu ya DTT yakitoka yawekeni hapa.